Bati la Asya

Makangale, Pemba
4 Januari 2025

Mdogo wangu Asya,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu, mwanangu Zuweina anakusalimu, na ami Jecha anakusalimu na kuuliza kama hasira zimekushuka. Na mimi nakusalimu, ijapokuwa mkono mzito. Siye wazima, isipokuwa kuku wangu watatu waliokufa kwa joto mchana mmoja, vifaranga vikabaki yatima. Kaskazi ya mwaka huu si ya mchezo. Jua likishatoka huwezi kukanyaga uani bila viatu, na feni tumeizima kwa sababu inatupulizia moto.

Kalamu nimeshika kwa amri ya ami. Alizisikia zile sauti tulizorushiana kwenye kundi la ukoo, akasema watoto wa tumbo moja hawatukanani mbele ya mashemeji. Mwenye la kusema aandike, atie gundi, ampe Kificho anayepeleka ndizi Unguja. Basi nimetia gundi. Jicho langu la kulia lina ukungu siku hizi, kwa hivyo mistari ikipanda usinicheke.

Haya, la kwanza na la mwisho. Unasema utakuja kumchukua mama akae kwako Unguja kaskazi yote, kwenye kiyoyozi. Asya, mama haendi. Ndege haitaki, boti haitaki, na zaidi ya hayo sitaki mimi. Umeshachukua vingi. Akija mgeni hapa, hata hajapewa kiti, mama anamshika mkono anamtoa uani amwonyeshe paa. "Bati la Asya hilo. Kaniletea Asya, mwanangu wa Unguja." Mgeni anasema mashaallah, na mimi nimesimama hapo na kata ya maji mkononi.

Kabla ya bati lako nyumba hii iliezekwa makuti. Nani aliyasuka? Tangu ulipoolewa ukaenda zako, kila yalipochakaa nilikaa chini ya mti wa mnazi na vidole vyangu nikasuka, nikalisha waezekaji, nikafagia takataka. Sijapata kusikia hata siku moja mtu akiambiwa, "Hilo paa la Mwatima."

Nina wivu, naam. Nimeandika kwa wino ili usijisumbue kubahatisha. Mama hajambo na analala vizuri.

Dada yako,
Mwatima

*

Michenzani, Unguja
23 Januari 2025

Dada Mwatima,

Shikamoo. Natumai mama mzima na Zuweina mzima, na jicho lako Mungu alitie nuru. Barua yako nimeipata jana. Kificho alizunguka nayo mfukoni mpaka ikanuka ndizi mbivu. Mimi sijambo. Duka linakwenda, mabuibui nashona, jirani yangu Bi Nihal kamwoza binti yake na mimi ndiye niliyemshonea, watu wakasifu.

Wivu wako nimeusoma. Sasa usome wangu. Wewe una mama asubuhi, mchana na jioni. Akikohoa unamsikia. Akicheka unajua alichochekea. Mimi nina sauti yake kwenye simu, na simu yenyewe anaishika kinyume, namsikia kwa mbali kama yumo kisimani. Halafu hata dakika hizo chache anazijaza na wewe. "Mwatima kanipikia kisamvu. Mwatima kanikanda mgongo. Mwatima hana mfano." Nikimwambia mama nimekununulia dira la hariri, ananijibu, "Ahsante mwanangu, Mwatima atanivisha." Sasa nani kachukua vingi?

Nafunga madirisha, nawasha kiyoyozi, najifunika blanketi mwezi wa Januari, na usingizi hauji. Nakumbuka mama anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

Tena nina swali, na nataka jibu la kweli. Zuweina kaniletea picha yake kavaa gauni jipya, kasimama uani. Nyuma yake mlango wa jiko uko wazi. Ndani ya jiko nimekiona kitanda cha kamba cha mama, na mto wake ule wenye maua niliyoutarizi mimi. Dada, mama analala jikoni? Pembeni ya mafiga na kuni, mama yetu, aliyetuzaa? Chumba chake kilichoezekwa bati jipya kapewa nani? Kama umemweka mwanao humo au umetia karafuu zako, niambie. Mimi nilileta bati ili mama alale chini yake, sikuleta ili alale mtu mwengine.

Kama ni kweli, nakuja kumchukua, na ndizi za Kificho hazitanizuia.

Mdogo wako,
Asya

*

Makangale
9 Februari 2025

Asya,

Wa alaykum salaam. Mama anakusalimu. Zuweina hakusalimu, amenuna, anasema picha hatumi tena.

Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaenda kuteka maji, nikarudi nikaisoma tena, bado ilikuwa na matusi yaleyale. Mimi nimemtoa mama chumbani nitie karafuu! Ndivyo unavyonijua?

Chumba cha mama ni kitupu. Hakuna mwanangu, hakuna karafuu, hakuna kitu. Kitanda kimetolewa kwa amri yake mwenyewe, wiki ile ya kwanza ya kaskazi ya mwaka juzi, na mwaka jana vilevile, na mwaka huu vilevile. Masika ikianza anarudi ndani. Jiko nimelifagia, mafiga nimeyahamishia nje, ukutani nimepaka chokaa. Juu yake pana makuti yangu ya zamani. Sababu ya kuhama naijua, Zuweina anaijua, ami Jecha anaijua, na hata mbuzi anaijua kwa sababu na yeye hulala hukohuko. Lakini mama kaniapisha kwa msahafu nisikutamkie, na mimi siapi kisha nikavunja kwa kuwa mdogo wangu kanitukana. Muulize mwenyewe. Hatakwambia.

Nitakwambia tunavyoishi tu, hilo hajalikataza. Alfajiri namwaga maji sakafuni. Saa tatu naloweka khanga mbili, moja namtandika mabegani, nyengine naitundika mlangoni upepo upite ndani yake. Adhuhuri hatupiki, tunakula viporo. Mchana nakaa naye namwonyeshea upande upepo ulipo, na upepo ukifa nampepea mpaka mkono ufe nao. Yeye ananisimulia habari zako.

Sasa lenye haja. Daktari kasema jicho langu ni mtoto wa jicho na lisichelewe. Nimeandikiwa kupasuliwa hospitali kuu huko Unguja mwanzo wa Machi, na nitatakiwa nikae karibu mpaka wanifungue. Sina pa kufikia ila kwako, na sina wa kumwachia mama ila wewe. Mumeo wa zamani Thabit hayuko tena wa kukuzuia, na duka linafungika. Njoo ukae na mama yako. Umelilia sana, basi njoo.

Utalala chini ya bati lako.

Mwatima

*

Michenzani
20 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Nakuja. Ufunguo atakuwa nao Bi Nihal. Kiyoyozi usikiweke chini sana utapata mafua, na chumba cha pili usikifungue, kina vitu vyangu tu. Lala kwenye kitanda changu.

Mama akiwa mikononi mwangu mwezi mzima utaona kama anataka kurudi jikoni.

Asya

*

Makangale
8 Machi 2025, Ramadhani

Dada Mwatima,

Ramadhani karim. Naomba operesheni iwe imekwenda salama. Mama hajambo. Nakwambia hilo mwanzo, kabla ya mengine, ili uketi usome taratibu. Mama hajambo.

Siku niliyofika, hata sijavua buibui, nilimwita kijana wa ami, Ashraf, akakibeba kitanda kutoka jikoni akakirudisha chumbani. Nikatandika shuka jipya, nikafukiza udi. Zuweina alisimama mlangoni ananitazama kwa jicho baya nikamfukuza. Mama alilitazama paa, akanitazama mimi, akasema, "Haya mwanangu. Bati lako." Nikafurahi, Mwatima. Nikasema moyoni, unaona? Alikuwa ananingoja mimi tu.

Kesho yake ikawa mfungo na jua limeamka na hasira. Nikamwambia mama usifunge, akasema kafunga tangu hajavunja ungo, hatoacha kwa ajili ya jua. Baada ya adhuhuri akaenda kujilaza chumbani kwake, na mimi nikajilaza chumba cha pili. Hapo ndipo nilipojua. Lile bati lilikuwa linalia, ta, ta, ta, linavyotanuka, na joto linashuka kutoka juu, na jengine linapanda kutoka sakafuni, na mimi katikati kama mkate wa kumimina. Shuka nililolalia lilikuwa moto. Kila nilipotaka kutoka nilisema, mama amelala humu kimya, mimi mtoto nitashindwaje?

Kimya kile hakikuwa cha usingizi. Alasiri nilimwita aamke aswali, hakuitika. Nilimgusa, ngozi kavu na moto, midomo imeshikana. Nilipiga ukelele nadhani uliusikia huko. Mimi na Zuweina tulimbeba mpaka jikoni, tukamlaza chini kwenye udongo, tukammwagia maji ya kisima kichwani, tukamfunika khanga mbichi. Zuweina akapasua dafu, nikawa namtia kwa kijiko. Nusu ya maji iliingia shingoni mwake. Muuguzi wa kituoni alipofika kasema ni joto tu, mmewahi, na mfungo basi, na ndani asirudi mchana mpaka mvua.

Sasa nikwambie kilichoniuma. Nimemshikilia kichwa mapajani, dafu mkononi mwangu, machozi yangu yanamwangukia usoni. Akafumbua macho, akasema, "Mwatima." Nikasema, mama, ni Asya. Akasema, "Ah, Asya. Usimwambie Mwatima kama nimelala ndani. Atakasirika."

Kisha akanipapasa mkono, akaniambia, "Bati zuri mwanangu. Mimi tu nimezeeka." Hapo nililia kwa sauti, mbele ya muuguzi, sikujali. Misimu mitatu amehama chumba chake kwa ajili ya zawadi yangu, na kila mgeni anamtoa nje amwonyeshe. Anamwonyesha kwa nje, Mwatima! Hajapata kumkaribisha mtu ndani. Nilimuuliza kwa nini hukunambia, ningeleta mbao tukatia dari? Akasema, "Mtoto kakuletea kitu kwa furaha yake, utamwambia kinakuunguza?"

Kitanda kimerudi jikoni. Mimi nalala chini ubavuni mwake, na mbuzi upande wa pili. Nisamehe kwa ile barua ya karafuu.

Lakini alisema "Mwatima". Nampenda, nakupenda na wewe, na bado limenikaa kooni.

Asya

*

Michenzani
17 Machi 2025

Asya,

Jicho limefungwa bandeji, kwa hivyo anaandika Bi Nihal na mimi nasema. Salamu zake umezipata hapohapo kwenye hati yake nzuri. Operesheni salama, alhamdulillahi.

Niliposomewa ulivyolala chini ya bati na shuka likakuunguza, nilifurahi. Bi Nihal anasema asiandike hilo. Nimemwambia andika. Nilifurahi, nikacheka mpaka bandeji ikasogea. Halafu akafika pale mama alipokuwa haitiki, nikamnyang'anya karatasi nikataka kuisoma kwa jicho moja. Asya, Mungu akulipe kwa lile dafu. Sikukasirika. Yaani nimekasirika, lakini nitakasirika nikifika.

Na mimi nina langu. Kiyoyozi chako kizuri, sisemi uongo, usiku wa kwanza nililala kama mfu. Usiku wa pili nikaona wivu. Nikasema, mama yuko kwenye joto na mbuzi, na mwanawe mmoja anakaa hapa kila siku anapulizwa baridi kama samaki wa sokoni. Nikatafuta kosa lako lolote nilishike. Nikakifungua chumba cha pili ulichonikataza.

Nilitarajia nini hata sijui. Nimekuta kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa, mkeka mpya wa kuswalia, chetezo, kandambili ndogo za mguu wa mama, na lile dira la hariri limetundikwa ukutani. Vumbi kidogo juu ya mto. Bi Nihal kaniambia umekitandika tangu Thabit alipoondoka, na kila Ijumaa unabadilisha shuka. Wewe hukuniandikia kuwa unakaa peke yako namna hiyo. Umeniandikia mabuibui na harusi za watu. Anasema pia kwamba umewachosha majirani kwa "dada yangu Mwatima". Kila ukipika kitu unasema Mwatima anakipika vizuri zaidi. Sikuamini. Nikamuuliza tena, akarudia.

Basi nikutajie nilichoficha na mimi, na hiki hakina kiapo. Stoo kwa ami Jecha, nyuma ya madumu, pana makuti niliyosuka tangu mwaka jana. Nia yangu ilikuwa tuyaezeke juu ya bati, bati lizuie mvua na makuti yazuie jua. Ashraf alishanambia inawezekana, anatandaza fito juu ya bati, anazifunga kwa waya kwenye boriti za ukingoni, bila kutoboa. Mama angelala chumbani kwake tangu kaskazi iliyopita. Sikufanya. Niliogopa watu watasema Mwatima kalifunika bati la mdogo wake kwa wivu. Na wangesema kweli, Asya. Kila kuti nililosuka nilikuwa nawaza, sasa mgeni akitolewa nje ataona nini? Nikasita na mama akakaa jikoni. Bi Nihal kaacha kuandika ananitazama.

Makuti hayatoshi, yamebaki kusukwa ya upande wa magharibi. Waite akina mama msuke. Ukisuka mwenyewe, kaza mwanzo wa kuti, la sivyo litafumuka.

Mwatima, kwa mkono wa Nihal

*

Makangale
25 Machi 2025

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Mama kanenepa mashavu, na mbuzi kazaa. Nafurahi umefungua chumba. Nilikukataza kwa aibu tu, na aibu yenyewe imeniondoka. Lala humo ukitaka, shuka safi.

Nyumba imeezekwa. Akina mama walikuja asubuhi tatu mfululizo kabla jua halijachacha, tukasuka uani. Mimi niliambiwa mara ngapi nifumue nianze upya sijui, vidole vikachubuka mpaka nikashindwa kushika kijiko cha uji. Upande wa magharibi wote nimesuka mimi, Mwatima, wote. Kuna makuti matatu yamekaa kombo, utayajua ukiyaona. Ashraf na wenzake wakapanda wakafunga fito wakaezeka, na magharibi nikawafuturisha kwa muhogo wa nazi na tambi, na muhogo uliungua kidogo.

Bati halionekani tena. Nilisimama nikalitazama kuti la mwisho linapopandishwa, na sikufichi, moyo uliniuma. Kisha tukamwingiza mama chumbani adhuhuri, jua liko utosini. Akalala chali, akatazama juu, akanyoosha mkono hewani kama anapima maji ya kuoga. Akalala usingizi mpaka alasiri, anakoroma. Nilikaa mlangoni namsikiliza akikoroma, sijapata kusikia kitu kitamu kama hicho.

Jana kaja mgeni, Bi Arwa wa Gombani, kuja kumtazama mgonjwa. Nikajua sasa zamu yangu. Nikajiweka vizuri mtandio. Mama kamshika mkono akamtoa uani, akamnyooshea kidole paa, tena upande uleule wa magharibi, yale makuti ya kombo.

"Unaona baridi ya nyumba hii? Haya makuti kasuka mwanangu Mwatima. Mwatima wangu, yuko Unguja."

Na mimi nimesimama hapo, Mwatima. Kata ya maji mkononi. Vidole vimefungwa vitambaa. Nilitaka kusema, mama, Mwatima yuko Unguja na bandeji ya jicho, kasuka saa ngapi? Nikaona wivu, dada, wivu wa kunitoa machozi, na palepale nikacheka mpaka maji yakamwagika. Bi Arwa kadhani nimepandwa na jini. Nimekujua siku hiyo. Ulivyosimama misimu mitatu na ile kata yako, na mimi nakuuliza habari za karafuu.

Nimemfahamu mama sasa. Anayemsifu ni yule asiyemwona. Basi rudi upesi, dada, na mimi niondoke, nipate kusifiwa.

Asya

*

Michenzani
27 Machi 2025

Asya,

Bandeji imetoka, naandika mwenyewe, na mistari imenyooka, tazama. Jana nililala chumba cha pili.

Narudi na boti ya keshokutwa, Idd itanikuta nyumbani. Nakuja na zile kandambili za mama na lile dira, nitamvisha mimi, kama alivyosema.

Lakini wewe usiondoke. Duka likae limefungwa mpaka mvua ianze. Tukiwapo sote wawili mama atakosa wa kumsifu, atatutukana sote sawasawa, na mimi hilo nalitaka. Hayo makuti matatu ya kombo usimruhusu Ashraf kuyagusa. Akija mgeni, mama aseme anavyotaka. Mimi nitamshika huyo mgeni mkono mwengine, nitamwonyesha, na nitamwambia kasuka nani.

Dada yako,
Mwatima